Kunyoosha Mlango wa Gari Uliobonyea

Muhula huu wengi wenu mmeniona nimejikunja kando ya pikapu ya shule, nyuma ya karakana, mikono imejaa vumbi. Wengine mlinicheka, na wengine mkaja kuniuliza nafanya nini. Mwalimu wetu wa ufundi ameniagiza niyaandike yote katika gazeti letu, ili yule asiyepata kuiona kazi yenyewe apate walau kuisoma. Naandika kwa furaha, ingawa mwanzo wa habari hii hauniletei sifa hata kidogo.

Jumamosi moja tulikuwa zamu ya kuteremsha kuni za jikoni. Mimi nilikuwa juu ya gari, na kwa kuwa nilitaka kumaliza upesi niende uwanjani, nilisukuma gogo kubwa bila kutazama linakokwenda. Gogo likaanguka kwa kichwa, likajigeuza, na ncha yake ikaugonga mlango wa abiria. Nilipochungulia niliona bati limeingia ndani kiasi cha upana wa sahani ya wali. Nikatazama huku na huku, hapana aliyeona. Basi nikanyamaza.

Jumatatu nikasikia kwamba dereva wetu ameitwa ofisini. Mlango ule ulikuwa haufunguki tena kwa nje, na gari ni moja tu, ndilo lichukualo wagonjwa usiku. Gereji moja ya mjini ilikuwa imetaja bei yake, na pesa hizo zingekatwa katika mshahara wa dereva kwa miezi mitatu, maana gari lilikuwa chini ya mkono wake. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwendea nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

Nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Hayo umeniambia mimi. Sasa twende ukamwambie Mwalimu." Tukaenda. Adhabu niliyopewa ilikuwa hii: nilichokiharibu nikitengeneze kwa mikono yangu, nikiongozwa na Mwalimu wa ufundi pamoja na Mzee mwenyewe, ambaye kabla ya kuwa dereva alifanya kazi ya kunyoosha bodi za magari miaka mingi. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza kwao.

BATI LIKIBONYEA HUWA LIMEPATWA NA NINI?

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kuchukua nyundo. Mzee akaninyang'anya, akaniletea kopo tupu la mafuta ya kupikia. Akaniambia nilibonyeze ubavuni kwa kidole gumba, polepole. Likalia "tok!" na nilipoachia likarudi kama lilivyokuwa. Kisha akaniambia nibonyeze kwa nguvu zangu zote. Safari hii nilipoachia halikurudi, na kuzunguka lile bonde palikuwa na mikunjo miwili mikali kama makunyanzi ya nguo isiyopigwa pasi.

Wenzangu mnaosoma fizikia mnaijua Kanuni ya Hooke. Robert Hooke, mtaalamu wa Uingereza, aliitangaza mwaka 1678, nayo yaonyesha kwamba kitu kinachovutwa hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayokivuta. Nguvu ikiondoka, hurudi kama kilivyokuwa, mradi hakikuvutwa kupita kikomo chake. Bati la mlango nalo ni hivyo hivyo. Katika bonde lile pana sehemu kubwa ya bati haikuvuka kikomo. Ingependa kurudi yenyewe. Lakini ile mikunjo ya pembeni imevuka kikomo, imekuwa migumu, nayo ndiyo inayolizuia bonde lisirudi.

Chukua kipande cha waya laini, ukikunje mara moja, kisha ujaribu kukinyoosha. Utaona kwamba hakinyooki pale pale ulipokikunja, bali hukunjika kando yake, maana pale pa kwanza pamekuwa pagumu kuliko kwingine. Ukizidi kukikunja na kukikunjua, mwisho hukatika. Kwa hiyo kila pigo la nyundo lisilo na sababu huzidi kuligumisha bati, nawe hujengi bali wabomoa.

Tena bati ni jembamba mno. Bati la nje la magari mengi halifiki milimita 1. Aghalabu ni kiasi cha robo tatu ya milimita. Ukilipiga katikati ya bonde kwa nyundo ya chuma, hutanuka kama jembe linavyotanuka mbele ya mhunzi, na likisha tanuka halina pa kwenda. Hapo ndipo mlango unapoanza kulia "tok, tok" kila unapouegemea.

Basi sheria ya kwanza ya kazi hii ni hii: usilipige bonde, bali tafuta mikunjo inayolishikilia, na mikunjo hiyo hutengenezwa vizuri kwa kuifikia kutoka ndani na nje kwa pamoja. Mafundi wa gereji ile walitaka kutoboa matundu katika bonde, walivute kwa ndoana, kisha wajaze puti. Njia hiyo ipo, nayo hutumika mahali ambapo mkono hauwezi kufika. Lakini kila tundu ni mlango wa kutu, maana upande wake wa ndani hubaki bila rangi. Pale mkono unapoweza kufika, heri kufungua.

SUMAKU KWANZA

Kabla ya kufungua chochote, Mwalimu alinipa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaniambia niipitishe juu ya mlango wote. Sumaku ilinasa kila mahali, nasi tukajua mambo mawili. La kwanza, bati ni la chuma. La pili, hapakuwa na puti nene ya zamani chini ya rangi. Kama ingekuwapo, sumaku ingelegea mahali hapo.

Si magari yote yaliyo na bodi la chuma. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na bodi la mchanganyiko wa alumini, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu katika Uingereza. Hali kadhalika pikapu ya Ford F-150 ilianza kuwa na bodi la alumini katika toleo la mwaka 2015. Alumini haina kutu nyekundu, lakini hairudi upesi kama chuma, na nyundo zake hutengwa, maana chembe za chuma zikibaki juu yake huleta ulaji. Kwa hiyo fundi asiyeuliza ni bati gani huenda akaharibu kabla hajaanza.

KUUVUA UBAO WA NDANI

Upande wa ndani wa mlango hufunikwa na ubao mwembamba au plastiki iliyoumbwa, iliyovikwa kitambaa. Mtu akiutazama hudhani kwamba umegandishwa na haung'oki. Kumbe umeshikwa na skrubu chache na vibanio vya plastiki tu. Sisi tuliuvua kwa utaratibu huu:

1. Tulisimamisha gari mahali tambarare, tukaweka vigingi chini ya magurudumu, tukapandisha kioo mpaka juu kabisa ili kisituzuie ndani. Kisha tukafungua waya wa betri wa upande hasi. Katika magari mapya jambo hili si la kupuuzwa, maana baadhi yake yana mifuko ya hewa ya usalama ubavuni, na vitambuzi vyake huwa milangoni au vitini. Magari ya namna hiyo yataka kusomwa kitabu chake kwanza, na kungoja dakika kadhaa baada ya kufungua betri.

2. Tukatoa mkono wa kuzungushia kioo. Huu ulinishinda nusu saa nzima, maana hauonyeshi skrubu. Nyuma yake kuna kibanio cha waya chenye umbo la herufi C. Mzee alichukua kitambaa kikuukuu, akakipitisha kati ya mkono ule na ubao, akakivuta huku na huku kama mtu anayepiga viatu rangi. Kitambaa kikanasa ncha za kibanio, kikachomoka. Kinga kwa kiganja, kwa sababu kibanio huruka, na kikipotea utahangaika.

3. Tukafungua skrubu za mahali pa kuegemeza mkono, na ile moja iliyo nyuma ya kishikio cha kufungulia mlango. Skrubu hizi hufichwa chini ya vifuniko vidogo. Yafaa kuvitafuta kwa kidole kabla ya kuvuta kitu chochote. Ubao ukigoma kutoka, ujue kuna skrubu uliyoisahau, usitumie nguvu.

4. Ndipo tukavifikia vibanio vya ukingoni. Tulitumia kipande cha mti kilichochongwa bapa badala ya bisibisi, kisije kikakwaruza rangi. Tulikiingiza karibu kabisa na kila kibanio, tukakibinua polepole mpaka kikatoka. Ukibinua mbali na kibanio, ubao hupasuka na kibanio hubaki. Kazi hii ilifanywa saa sita mchana makusudi, kwa kuwa plastiki iliyopata joto la jua hulegea, na ile ya asubuhi yenye baridi huvunjika.

5. Mwisho tuliunyanyua ubao kwenda juu, maana ukingo wake wa juu umeangikwa chini ya kioo. Tukauweka kivulini, na kila skrubu tukaichomeka katika kipande cha boksi nilichochora umbo la mlango, mahali pale pale ilipotoka. Jambo hili dogo lilituokolea muda mwingi wakati wa kurudishia.

KILICHOKUWAMO NDANI

Nyuma ya ubao nilikuta karatasi ya nailoni, chafu na iliyochanika pembeni, imegandishwa kwa gundi nyeusi inayonata. Nikaibandua nikaitupa kando, nikiona haina maana. Wasomaji, likumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Baada ya nailoni nikaona tumbo la mlango: mtambo wa kupandishia kioo, nguzo nene ya chuma iliyolala kutoka mbele hadi nyuma kwa ajili ya kuwakinga abiria gari linapogongwa ubavuni, na fito nyembamba zinazotoka kwenye vishikio kwenda kwenye kitasa. Matundu yaliyokatwa katika bati la ndani yana kingo kali kama kisu. Vaa glavu. Mimi niliingiza mkono mtupu mara moja tu, na kovu bado ninalo.

Hapo nikafahamu kwa nini mlango ulikuwa haufunguki kwa nje. Bati lililobonyea lilikuwa limeusukuma ufito wa kishikio cha nje, ukapinda na kuchomoka katika kibanio chake. Kitasa chenyewe kilikuwa kizima kabisa. Laiti tungeujaza mlango puti kwa nje na kuupaka rangi, ungependeza macho, na bado mgonjwa angengojea nje afunguliwe kwa ndani. Mzee akasema, "Umeona? Nje ulikuwa ukiliona bonde tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa huku." Tukautoa ufito, tukaunyoosha juu ya meza, tukauweka akiba.

KUNYOOSHA

Vyombo vyetu vilikuwa vinne tu: nyundo ndogo yenye uso bapa uliosuguliwa ukang'aa, nyundo ya mpira, kipande cha mti mgumu kilichoviringwa ncha, na fuawe ya mkononi, ambayo mafundi huiita doli. Hiki ni kipande cha chuma kizito kinachotosha kiganjani, chenye nyuso mbalimbali, nyingine bapa na nyingine zenye mbinuko.

Kwanza Mwalimu aliniambia nilikumbuke gogo. Liligonga wapi kwanza? Wapi mwisho? Kanuni ni kwamba pale palipoharibika mwisho ndipo panapotengenezwa kwanza, kama mtu anavyofungua fundo kwa kuanzia ncha iliyoingia mwisho. Gogo liligonga katikati, kisha bati likakunjamana kuelekea pembeni. Kwa hiyo tulianza pembeni, tukarudi katikati.

Niliingiza fuawe ndani, nikaisukuma kwa nguvu chini ya sehemu iliyoingia, karibu na mkunjo. Nje, kwa mkono wa pili, nikapiga pigo dogo juu ya kile kituta kilichoinuka kando yake. Angalieni vema: nyundo haikupiga pale penye fuawe, bali kando yake. Kituta kikashuka, na kwa wakati ule ule bonde likapanda kidogo, kwa kuwa fuawe ilikuwa ikilisukuma. Mapigo haya ni mepesi, kama ya mtu anayebisha hodi. Nikipiga mara tano au sita, nasogea kidogo, na kupiga tena, nikizunguka bonde lote.

Katika mzunguko wa tatu bonde lilitoa mlio ule ule wa kopo, "tok!", na karibu nusu yake ikarudi yenyewe bila kuguswa. Nilipiga kelele kwa furaha mpaka watu wa darasa la jirani wakachungulia. Mikunjo ilikuwa imelegea, na bati limefunguliwa.

Yale madogo yaliyobaki tuliyainua kwa kipande cha mti kutoka ndani, tukikiegemeza juu ya ukingo wa tundu tulioufunika kwa kitambaa. Mwisho kabisa ndipo tulipopiga nyundo juu ya fuawe moja kwa moja, mapigo machache sana, ili kulainisha uso. Kupiga namna hii hutanua bati, kwa hiyo lazima kuwe kwa kipimo.

Kupima, usiyaamini macho peke yake. Mzee alinifundisha kufumba macho na kupitisha kiganja chote, nikiwa nimevaa soksi mkononi, toka mahali pazima mpaka mahali palipobonyea. Soksi hupunguza msuguano, na kiganja huhisi tofauti ambayo jicho haliioni.

Labda msomaji atauliza: je, kama bonde liko ubavuni mwa sanduku la nyuma la pikapu, ambako hapana ubao wa kuvua? Katika pikapu nyingi ukifungua taa ya nyuma utapata tundu linaloweza kupitisha mkono au ufito wa kusukumia. Maana yake ni ile ile: kabla ya kutoboa, tafuta njia iliyokwisha wekwa na aliyelitengeneza gari.

PUTI, RANGI NA MAPAFU

Tulikwangua rangi kwa msasa wa namba 80 mpaka chuma kikaonekana, tukapaka puti nyembamba. Puti ni ya kuziba dosari ndogo, si ya kujaza bonde. Sisi haikuzidi milimita 2. Huchanganywa na dawa yake ya kugandisha kiasi cha gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Ukizidisha dawa, huganda kabla hujaipaka, na rangi yake huweza kutokeza juu baadaye. Ukipunguza, haikauki sawasawa. Ilipokauka tuliisugua kwa msasa wa 80, kisha 180, kisha 320, msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha mti bapa. Ukisugua kwa vidole utachimba mifereji. Puti hufyonza maji, kwa hiyo hatukuilowesha, wala hatukuiacha usiku kucha bila rangi ya kwanza.

Hapa nataka kusema neno zito. Vumbi la puti na la rangi ya zamani si la kuvuta. Rangi nyingi za magari za siku hizi, zile zinazochanganywa na dawa ya kukausha, huwa na kemikali zinazoweza kumpa mtu pumu isiyomwacha maisha yake yote. Kitambaa puani hakizuii mvuke huo, na barakoa ya vumbi haitoshi. Kwa sababu hiyo Mwalimu hakuturuhusu kupiga rangi ya mwisho. Tulifanya mpaka rangi ya kwanza, kwa brashi na mahali penye upepo, kisha mlango ukapigwa rangi na fundi mwenye chumba na kinyago cha kazi hiyo. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile bei ya kwanza.

KOSA LANGU LA PILI

Tulirudishia ufito, tukaweka kibanio kipya, na kabla ya kuufunga mlango Mzee alifanya jambo ambalo nataka kila mtu alijue. Mlango ukiwa wazi, alikisukuma kidole cha kitasa kwa bisibisi mpaka kikajifunga, kisha akavuta kishikio cha nje. Kikafunguka. Akafanya vivyo hivyo kwa kishikio cha ndani. Kitasa kibovu kikishafungwa pamoja na mlango, ni shida kubwa kuufungua. Basi mjaribu angali wazi.

Ubao niliurudishia peke yangu, Mzee alipokuwa safarini. Ukakaa vizuri, kila skrubu mahali pake, nikajiona fundi. Wiki mbili baadaye mvua kubwa ikanyesha usiku. Asubuhi sakafu ya upande wa abiria ilikuwa bwawa, na zulia limelowa chapachapa.

Mzee hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Ile nailoni uliiweka wapi, mwanangu?"

Ndipo nilipofundishwa kwamba mlango wa gari hauzuii maji yasiingie. Mvua hupita kando ya kioo, kwenye raba, huteremka ndani ya mlango, na kutoka kwa matundu madogo yaliyo chini kabisa. Ile nailoni ndiyo inayoyaelekeza maji yashuke huko, yasipite kwenye ubao na kuingia ndani ya gari. Niliyemwona mchafu asiye na kazi, kumbe ndiye bawabu. Na matundu ya chini yakizibwa na tope au puti, maji hukaa, na chuma kikikaa na maji na hewa hufanya kutu. Hivyo ndivyo milango mingi inavyooza kutoka ndani, na mwenye gari huona mapovu ya rangi siku ambayo bati limekwisha kuliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi nikauvua ubao mara ya pili, na safari hii nilitumia dakika 15 tu. Nikayazibua matundu kwa kijiti, nikapaka rangi ya kuzuia kutu upande wa ndani pale tulipopiga, na ilipokauka nikaongeza mafuta mazito ya kuzuia kutu. Nikakata nailoni mpya nene kwa kufuata alama za ile gundi nyeusi, nikaibandika pande zote, na ncha yake ya chini nikaiingiza ndani ya mlango ili maji yadondokee mle. Kisha nikaumwagia mlango ndoo nzima ya maji kioo kikiwa juu, na Mzee akiwa amekaa ndani. Maji yote yakatoka chini. Mzee akatoka na miguu mikavu.

MWISHO

Mshahara wa Mzee haukukatwa. Mlango unafunguka kwa nje na kwa ndani, na mwezi uliopita, usiku wa manane, mwenzetu mmoja aliposhikwa na malaria kali, ndio huo nilioufungua ili aingizwe garini. Hakujua habari zake, wala sikuwa na haja ya kumweleza.

Kwa wale wanaotaka kujipima, naacha maswali manne. Kwa nini tulianza pembeni mwa bonde, si katikati? Sumaku ilitufundisha nini? Kwa nini kitasa hujaribiwa mlango ukiwa wazi? Na maji yanayoingia mlangoni hutokea wapi? Asiyeweza kujibu aje karakana siku ya Alhamisi baada ya vipindi. Kopo tupu lipo, na nyundo ipo. Ila nyundo tutaitoa mwisho.